Muziki wa Bure na Mipaka Yake

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ukumbi wa shule)



Awali ya yote natoa shukrani kwa Kamati kwa kunipa nafasi hii. Katibu aliponipigia simu aliniambia kwamba nina dakika 30, na kwamba baada yangu kinafuata chakula. Maana ya onyo hilo nimeielewa.

Kwa faida ya wale ambao hawakuhudhuria mkutano uliopita, nieleze kwanza jinsi nilivyotwishwa mzigo huu. Katika stoo iliyo nyuma ya maktaba zimepatikana kanda 28 za bendi ya shule na za kwaya, zilizorekodiwa kati ya mwaka 1976 na mwaka 1989. Mmoja wa wadogo zetu, mwenye ujuzi wa mambo hayo, amezisafisha na kuziingiza katika kompyuta, na sasa ziko tayari kuwekwa kwenye mtandao ili kila mmoja wetu azisikie popote alipo. Hapo ndipo mkutano ulipogawanyika. Upande mmoja ulisema ziwekwe bure kabisa, maana ni mali ya shule. Upande wa pili, hasa kaka zetu waliozipiga nyimbo hizo kwa mikono yao, ukasema kwamba ni hiyo hiyo bure iliyowamaliza wanamuziki wa nchi hii. Upande wa tatu, ambao haukosekani katika mkutano wowote, ukapendekeza ziwekwe bure lakini kwa kiasi: mtu asikilize mara kadhaa, kisha alipe. Maneno yakawa makali hadi Mwenyekiti akaahirisha, na mimi nikaagizwa nikachunguze jinsi ilivyokuwa kwa wenzetu waliokwisha kuijaribu hiyo bure ya kiasi.

Mimi si mwanamuziki. Katika bendi ya shule nilipewa manyanga, na hata hayo nilinyang'anywa kabla ya muhula kwisha. Kazi yangu ni ya mipango serikalini, na huko swali la nini kitolewe bure, nini kitozwe, na nini kitolewe bure mpaka kiwango fulani, halimaliziki mwaka nenda mwaka rudi. Labda ndiyo sababu Kamati ilinifikiria.

Tuanze Uswidi, kwani huko ndiko jambo lenyewe lilikofanyika kwa ukubwa. Vijana wa nchi hiyo, kama vijana wa Ulaya na Marekani kwa jumla, walikuwa wamekwisha kuzoea kupata muziki bila ya kulipa. Napster, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999, iliwafundisha watu kupeana nyimbo kutoka kompyuta hadi kompyuta. Mahakama ikaizima mwaka 2001, lakini mazoea hayazimwi kwa hati ya mahakama. Mwaka 2003 Uswidi yenyewe ikazaa The Pirate Bay, ambayo kazi yake ilikuwa ni hiyo hiyo, na kwa ukubwa zaidi. Katika mazingira hayo Waswidi wawili, Daniel Ek na Martin Lorentzon, walianzisha kampuni ya Spotify huko Stockholm mwaka 2006, na mwezi Oktoba 2008 wakaifungulia milango. Fikira yao ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kutekeleza: mtu anayechukua wimbo bila ya kulipa hatashindwa kwa askari, bali atashindwa akipewa kitu kilicho rahisi kuliko kuiba.

Kitu chenyewe ni muziki wa kutiririshwa. Kwa kaka zetu ambao bado wanatunza santuri zao (na ninawahusudu), maana yake ni kwamba wimbo hauhifadhiwi nyumbani kwako. Unakujia kama maji ya bomba, na ukifunga bomba hubaki na kitu. Milango ya kuingilia ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa wa ada. Kule Uingereza, pauni 9.99 kwa mwezi kwa huduma kamili. Wa pili ulikuwa wa bure, na humo msikilizaji alikatiziwa nyimbo kwa matangazo ya biashara. Mlango huo wa bure nao haukuwa wazi kwa kila mpita njia, kwani kwa muda mrefu uliingia kwa mwaliko tu.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana watu wengi hupapita haraka. Neno "bure" lilikuwa upande wa msikilizaji tu. Kwa kampuni hakikuwapo kitu cha bure. Kila wimbo ulipopigwa, mwenye wimbo alidai, awe msikilizaji amelipa au hajalipa. Kwa hiyo kila mgeni aliyeingia kwa mlango wa bure aliongeza deni, na matangazo ya biashara hayakutosha kulifuta. Hata leo hali haijabadilika sana: mwaka 2024 kampuni hiyo iliingiza zaidi ya Euro bilioni 15, na matangazo yalileta kama sehemu moja tu katika nane ya fedha hizo, ilhali wasikilizaji wa bure ni zaidi ya nusu ya wasikilizaji wote.

Hivyo basi, tarehe 14 Aprili 2011 likatoka tangazo. Kuanzia tarehe 1 Mei, aliyekwisha kutumia huduma ya bure kwa miezi sita angepata saa 10 tu za kusikiliza kwa mwezi, na wimbo mmoja angeweza kuupiga mara 5 tu. Sikusema mara 5 kwa mwezi. Ni mara 5, basi. Baada ya hapo wimbo huo umekufungia mlango mpaka ulipe.

Ndugu zangu, mipaka hiyo miwili inaonekana kama watoto pacha, lakini haifanani hata kidogo, na nimetumia usiku mwingi kuipima.

Saa 10 kwa mwezi ni dakika 20 kwa siku. Ni chache, lakini mtu mwenye nidhamu anaweza kuzipanga, kama tulivyokuwa tukipanga sukari ya bweni. Mpaka wa mara 5 ni mnyama mwingine. Wimbo hauishi kwa kusikilizwa, kama sukari inavyokwisha kwa kulambwa. Wimbo mzuri unarudiwa. Kurudiwa ndiyo alama yake ya uzuri. Sasa msikilizaji aliwekewa sheria ambayo wimbo asioujali haikumnyima kamwe, kwa sababu hata mara ya pili hakuufikia, lakini wimbo anaoupenda ilimnyima ndani ya wiki moja. Kadiri unavyopenda ndivyo unavyofungiwa! Nilipomweleza mke wangu sheria hii aliuliza kama waliitunga watu ambao wamewahi kusikiliza muziki.

Waliitunga watu waliojua hesabu. Mwaka 1849 mhandisi mmoja wa Ufaransa, jina lake Jules Dupuit, aliandika juu ya mabehewa ya reli ya daraja la tatu, ambayo siku hizo baadhi yake hayakuwa na paa, na viti vilikuwa mbao tupu. Akaeleza kwamba kampuni za reli hazikuondoa paa kwa sababu paa ni ghali, wala kwa sababu ziliwachukia maskini. Lengo lilikuwa kumtisha yule anayeweza kulipa nauli ya daraja la pili asije akapanda la tatu. Maskini alilowa mvua ili mwenye nacho aogope. Nilipolisoma jambo hilo chuoni nilidhani ni habari za kale. Baadaye nikagundua kwamba biashara nyingi huendeshwa hivyo, na mpaka wa mara 5 ni behewa lisilo na paa. Haukuwekwa ili kuokoa gharama ya kupiga wimbo mara ya 6. Uliwekwa ili kumtambua katika umati yule aupendaye wimbo kiasi cha kutoa fedha, na kumsukuma aende dirishani kukata tikiti.

Je, wasikilizaji walifanyaje? Malalamiko yalimiminika tangu siku ya kwanza. Wengi waliandika waziwazi kwamba basi, wanarudi kule walikotoka, kwenye nyimbo za wizi, na kwamba kampuni imejikata mguu wake yenyewe. Wengine walihamia YouTube, ambako wimbo ule ule ulipigwa mara elfu bila mtu kuhesabu. Wajanja walijiandikisha upya kwa jina jingine. Na wengine, bila kelele, walilipa.

Mchumi Albert Hirschman aliandika mwaka 1970 kitabu kidogo ambacho kila mtumishi wa umma angepaswa kukisoma kabla ya kupewa muhuri. Anasema kwamba mtu asiyeridhika ana njia mbili: kuondoka au kupaza sauti. Katikati ya njia hizo uko uaminifu, ambao humzuia asiondoke upesi na humfanya apige kelele kwanza. Nikiyaangalia ya mwaka 2011 kwa jicho hilo, naona kwamba waliopiga kelele hawakuwa maadui wa huduma ile, maana aliyeichukia aliondoka kimya kimya. Waliokuwa wakitukana ndio walioipenda, na ndio waliofungiwa nyimbo zao. Ofisini tunasahau jambo hili kila siku. Mwananchi anayegonga meza tunamwita mkorofi. Yule aliyekata tamaa akaenda zake tunamhesabu kuwa ameridhika, kwa kuwa jalada lake halina malalamiko.

Mtu ataniuliza, na upande wa tatu wa mkutano wetu utaniuliza kwa furaha: lakini si walilipa? Ni kweli. Mwezi Machi 2011 kampuni ilitangaza kufikisha wanachama milioni moja wanaolipa. Machi 2013 walikuwa milioni 6. Lakini hesabu hiyo isisomwe kwa pupa. Kati ya tarehe hizo mbili huduma ilifunguliwa Marekani, Julai 2011, na nchi nyingine zikafuata. Zaidi ya hayo, wakati huo wanunuzi wa simu za kisasa walikuwa wakiongezeka, na kuutumia muziki huo simuni vilivyo kulihitaji ada. Ni nani alilipa kwa sababu ya kunyimwa mara ya 6, na ni nani alilipa kwa sababu alitaka kusikiliza akiwa ndani ya basi? Mtu akikuambia kwamba ni mipaka peke yake iliyoleta fedha, mwulize alizitenganishaje.

Hoja yenye nguvu kuliko takwimu zote ni kwamba wenyewe waliiondoa. Kule Uingereza mpaka wa mara 5 ulifutwa mwaka 2013. Mwezi Desemba mwaka huo huo muziki wa bure ukaruhusiwa kwenye simu, na Januari 2014 mpaka wa saa nao ukaondolewa. Kampuni haikuongoka ikawa ya hisani, wala msinielewe hivyo. Ilibadilisha aina ya kizuizi. Kwenye simu, asiyelipa angeweza kusikiliza mchana kutwa, lakini nyimbo zilichanganywa kama karata, na akiruka nyimbo 6 katika saa moja aliambiwa basi. Yaani waliacha kupima kiasi wakaanza kupima hiari. Sikiliza utakavyo, ila kuchagua tutakuchagulia sisi.

Sasa hiyo, ndugu zangu, ni kitu gani kama si redio? Sisi wa miaka ya 90, na kaka zetu zaidi, tulilelewa na muziki wa bure wenye mipaka ya namna hiyo. Bendi zetu kubwa, tangu NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 hadi Mlimani Park ya mwaka 1978, zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nchi nzima ikazisikia bila ya kulipa wimbo kwa wimbo. Lakini hatukuchagua. Ulisubiri saa ya salamu, ukatuma kadi, ukaomba Mungu. Hapa bwenini redio kaseti ilikuwa moja, betri zilianikwa juani ili zipate uhai wa jioni moja, na mtu aliyetaka kunasa wimbo kwenye kanda alikaa kidole kikiwa juu ya kitufe huku akimwomba mtangazaji anyamaze angalau kabla ya gitaa la solo kuingia. Mtangazaji hakunyamaza. Kanda zetu zote za wakati ule zina sauti ya mtu anayetaja saa.

Wala hatukukasirika. Nimejiuliza sana kwa nini sisi hatukukasirika na wale wa mwaka 2011 walikasirika, ilhali wao walikuwa na nyimbo mamilioni. Nadhani sababu ni kwamba redio ilikuwa hivyo tangu tulipoijua. Haikutupa kwanza uhuru wote halafu ikatunyang'anya. Mtu hapimi alicho nacho kwa kulinganisha na mbingu. Anapima kwa kulinganisha na alichokuwa nacho juzi. Msikilizaji wa Ulaya alikuwa ameonjeshwa kurudia wimbo atakavyo kwa miaka miwili na nusu, akaujenga mkusanyo wake, akapanga nyimbo za harusi yake na za msiba wake, kisha akaletewa barua. Kampuni hiyo hiyo ilipata somo hilo tena mwaka 2024, ilipowazuia wasiolipa kuona maneno ya nyimbo isipokuwa kwa nyimbo chache kwa mwezi. Maneno yalikuwa yakionekana bure kabla ya hapo. Kelele zikapanda, na baada ya muda mfupi maneno yakarudishwa.

Wapo pia wasiopiga kelele wala kuondoka. Hao Hirschman hakuwapa jina, lakini sisi tuliolala bwenini tunawafahamu: ni wale wanaotoboa ua. Mwezi Machi 2018, kampuni ilipokuwa ikiandaa kuorodhesha hisa zake Marekani, ilikiri kwenye nyaraka zake kwamba hadi mwisho wa mwaka 2017 watu wapatao milioni 2 walikuwa wakitumia programu zilizochezewa ili wasikilize bila matangazo na bila ya kulipa. Ukiweka ua, hesabu na matundu.

Nimesema mengi juu ya msikilizaji, na naona kaka yetu wa tarumbeta ananitazama kwa jicho kali. Ana haki. Mpaka wa bure, upande wa pili, ni mshahara wa mtu. Novemba 2014 mwimbaji wa Marekani Taylor Swift aliondoa nyimbo zake zote Spotify, kwa hoja kwamba kazi yenye thamani isigawiwe bure, na hakuzirudisha mpaka Juni 2017. Mwaka 2015 kampuni ya Apple ilipoanzisha huduma yake, isiyokuwa na mlango wa bure ila miezi mitatu ya majaribio, ilikusudia kutowalipa wanamuziki kwa miezi hiyo. Mwanamke huyo akaandika barua ya wazi, na Apple ikabadili msimamo siku ile ile. Jambo hilo linafurahisha, lakini tukumbuke ni nani aliyeandika. Mpiga besi wa Morogoro angeandika barua hiyo, ingesomwa na nani? Na tangu mwaka 2024 Spotify imeweka mpaka mwingine ambao hausemwi sana, nao ni wa mwanamuziki: wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 haupati fungu kwenye malipo ya rekodi. Basi mara 5 za msikilizaji zimefutwa, na mara 1,000 za mwanamuziki zimewekwa. Kaka yangu wa tarumbeta, hilo likupe picha ya nyimbo zetu zitapata nini tukizipeleka huko kwa matumaini ya fedha. Wanachama wa chama chetu hawajafika 700.

Kwetu Afrika ya Mashariki huduma hiyo ilifika mwaka 2021. Kabla yake zilikuwapo nyingine, kama Boomplay, iliyoanzia Nigeria mwaka 2015 na kuja imekwisha kuwekwa ndani ya simu za Tecno, na Mdundo ya Nairobi, ambayo humruhusu mtu kupakua wimbo bure, ila wimbo umebandikwa tangazo la biashara mwanzoni. Lakini sote tunajua kwamba mpaka wetu wa kweli hauwekwi na kampuni ya muziki. Unawekwa na kifurushi. Wimbo wa dakika 4, kwa ubora wa kawaida, hula kama megabaiti 4. Zile saa 10 walizozililia Wazungu ni zaidi ya nusu gigabaiti. Kwa kijana anayenunua bando la siku, hakuna aliyehitaji kumwekea mpaka wa saa 10. Aliwekewa zamani, na kila wimbo anaourudia anaulipia mara ya pili, isipokuwa fedha hizo haziendi kwa mwimbaji.

Ndiyo maana katika kila stendi ya mabasi mnamwona kijana na kompyuta yake, akiwajazia watu nyimbo kwenye kadi za simu na flashi. Wapo wanaomwita mwizi, na kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hawakosei. Lakini mimi kila nikipita hapo najifunza jambo moja: foleni ipo, na watu wanalipa. Yule mama muuza ndizi anatoa shilingi zake, anataja nyimbo anazozitaka, anarudi na kadi yake, na nyimbo hizo ni zake, anazirudia mara 500 bila bando. Kwa hiyo ule usemi tunaousikia hata katika vikao vya wasomi, kwamba watu wetu hawapendi kulipia muziki, si kweli. Wanalipia. Hawajapewa njia iliyo rahisi, ya bei wanayoiweza, ambayo inamwachia mtu wimbo mkononi na kumfikishia mpigaji chochote. Mwenye kibanda amelijibu swali la Stockholm kabla ya Stockholm, akasahau mtu mmoja tu, naye ni aliyeimba.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nije kwenye kanda zetu, kwani harufu ya pilau imekwisha kuingia ukumbini.

Sipendekezi bure ya kiasi. Chama kidogo kama chetu hakina sababu ya kujenga behewa lisilo na paa. Tutamfungia nani? Mzee aliyeko Mtwara, anayetaka kusikia kwa mara ya 6 sauti ya rafiki yake aliyefariki mwaka 1991? Maana wapo waliofariki, na katika kanda ya 11 mtangazaji wa bendi anawataja wapigaji mmoja mmoja kwa majina na kwa mabweni yao. Nimeisikiliza. Sikuhesabu mara ngapi.

Napendekeza kusikiliza kuwe bure kwa kila mtu, bila kuhesabiwa, na mafaili yawe madogo kiasi cha kutomaliza bando la mtu. Atakayetaka nakala ya kubaki nayo, atoe mchango. Kiasi kitangazwe siku ile ile ya kwanza, kiandikwe mahali panapoonekana, na Kamati ijifunge kwamba haitakuja baadaye kuweka mpaka juu ya kilichokuwa wazi. Tukiona gharama zinatushinda, tuongeze michango yetu wenyewe hapa hapa ukumbini, tusiende kumkatia mtu wimbo katikati.

Juu ya fedha za nakala, nasema bila kuficha kwamba sikubaliani na wale waliotaka ziende zote kwenye paa la bwalo. Paa lina wafadhili wengi. Fedha hizi zigawanywe nusu kwa nusu: nusu kwa wapigaji walio hai na kwa familia za waliotangulia, hata ikiwa ni shilingi elfu kumi kwa mwaka, na nusu kwa vyombo vya muziki vya wanafunzi wa sasa, kwani nilipopita chumba cha muziki asubuhi hii nilikuta gitaa moja lenye nyuzi nne, na si la besi.

Lakini kabla ya hata wimbo mmoja kuwekwa, wapigaji waulizwe. Kanda ni mali ya shule. Upigaji si mali ya shule, na sheria niliyoitaja inatambua haki ya aliyepiga. Kaka zetu sita wako humu leo. Kwa wengine, Katibu anayo majina 19 na anuani za wachache. Nimejitolea kuwatafuta waliobaki, mikoa ya kusini nitaichukua mimi mwenyewe kwa kuwa kazi hunipeleka huko. Atakayekataa, wimbo wake ubaki stoo, na asiulizwe sababu.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.